Mwanao akikuonyesha mchoro wake, usiishie kusema 'mzuri'

KIJANA anaingia jikoni na kompyuta mpakato mikononi. "Mama, hebu mwone huyu." Kwenye kioo amesimama mtu mdogo, urefu wake haufiki hata kidole gumba, amevaa fulana nyekundu na ameshika upanga. Mama anageuka na mwiko wake, anatazama kwa sekunde mbili. "Mzuri, mwanangu. Ila usisahau vitabu." Kijana anarudi chumbani.

Tukio la aina hii hutokea katika nyumba nyingi siku hizi, na mama huyo hakuwa na nia mbaya. Tatizo ni kwamba kijana hakwenda jikoni kutafuta sifa. Alikwenda kwa sababu mkono wa yule mtu mdogo unaonekana kama umevunjika, amehangaika nao jioni nzima, na hajui kasoro iko wapi. Alihitaji macho ya mtu mwingine. Akapewa sifa, na mkono ukabaki umevunjika vilevile.

Akijibiwa hivyo mara tatu au nne, ataacha kwenda jikoni. Wazazi wengi hulalamika kwamba watoto wao wakubwa hawawaambii wanachofanya kwenye kompyuta. Wakati mwingine walishaambiwa.

Nafasi ya vidoa 256

Anachokichora kijana huyo kinaitwa sanaa ya pikseli. Pikseli ni kile kidoa cha mraba, kidogo kuliko vyote, kinachounda picha kwenye kioo cha simu au kompyuta. Katika picha za kawaida vidoa hivyo ni mamilioni na jicho halivioni. Katika sanaa hii mchoraji huviweka kimoja kimoja kwa makusudi, na kila kimoja huonekana. Mhusika wa mchezo wa kompyuta aliyechorwa hivyo, anayetembezwa na kurushwa huku na huku kwenye kioo, wachoraji humwita spraiti.

Waliowahi kutarizi vitambaa vya makochi kwa mshono wa msalaba wanaijua kazi hii tayari, hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Ua hutoka kwa kuhesabu matundu; ukikosea tundu moja, jani linapinda. Susan Kare, msanii wa Marekani aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alianza kazi hiyo kwenye daftari la miraba, na amewahi kuifananisha na utarizi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mario. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong, na Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alikuwa na nafasi ya vidoa 16 kwa 16 ya kumchora. Hivyo ni vidoa 256 kwa mtu mzima, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Nywele zilikuwa ngumu kuchora na ngumu zaidi kuzifanya zicheze anaporuka, kwa hiyo akavishwa kofia. Mdomo haukutosha mahali, kwa hiyo akawekewa sharubu, na hapohapo pua ikaonekana. Mikono ilikuwa inapotelea mwilini anapokimbia, kwa hiyo akavalishwa ovaroli ya rangi tofauti na shati. Sura ambayo watoto wa vizazi vitatu wanaitambua ilitokana na kujibu maswali ya kawaida kabisa: mbona mkono hauonekani? Mbona mdomo unaonekana kama doa la uchafu?

Hata wakubwa hurudia kazi. Michezo ya Pokémon Red na Green ilitoka Japan Februari 1996 kwa mashine ndogo ya mkononi ya Game Boy, ambayo kioo chake kilikuwa na vidoa 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya rangi, kutoka mwanga hadi giza. Baadaye mwaka huohuo likaja toleo la Blue, na michoro ya viumbe ilikuwa imechorwa upya. Michezo ilipopelekwa Marekani mwaka 1998, ilikwenda na michoro hiyo ya pili. Mwaka huohuo likatoka toleo la Yellow huko Japan, michoro ikabadilishwa tena ili ifanane na ya katuni ya televisheni. Kwa hiyo mtu aliyeanza kucheza nje ya Japan hakuwahi kuona jaribio la kwanza. Alipokea lililokwisha kusahihishwa, akadhani ndivyo vilivyozaliwa.

Hicho ndicho kinachowakatisha tamaa vijana wengi wanaojifunza. Wanalinganisha mchoro wao wa kwanza na mchoro wa tatu wa mtu mwingine.

Aliyechora haoni

Katika picha kubwa, kidoa kimoja kikikosewa hakuna anayejua. Katika uso wenye upana wa vidoa vinane, kusogeza jicho kidoa kimoja ni kulihamisha kutoka mahali pake hadi karibu na shavu. Mtu mwenye hasira anageuka mwenye usingizi. Ndiyo maana kazi hii hutegemea sana marekebisho, na ndiyo maana mwenyewe ndiye wa mwisho kuliona kosa.

Sababu haina siri. Aliyechora anajua alichokusudia. Anajua ule mstari wa kijivu ni upanga, kwa hiyo anauona upanga. Mtu anayepita nyuma yake anaona mwiko. Baada ya saa tatu za kukikodolea kioo kitu kilekile, ubongo umeshazoea mkono uliovunjika na kuuona mzima. Wapishi wanalijua jambo hili: aliyeshinda jikoni na mchuzi hawezi kuonja chumvi vizuri, humwita mwingine.

Habari njema kwa mama wa jikoni ni kwamba haihitaji ujuzi wa kompyuta. Anachotakiwa kufanya kwanza ni kusema anachokiona kabla hajaambiwa. "Naona mtu amevaa nyekundu. Ameshika mwiko?" Kijana atacheka, pengine ataudhika kidogo, lakini amepata kitu ambacho asingekipata peke yake: upanga hausomeki. Hilo ni jibu lenye thamani kuliko "mzuri" kumi.

Jambo la pili ni kurudi nyuma hatua tatu na kuangalia kwa mbali, au kumwomba aonyeshe mchoro kwa ukubwa wake halisi. Wachoraji hukuza picha mara kumi na zaidi ili waweze kuweka vidoa, na huko kila kitu kinapendeza. Mchezaji atamwona mhusika akiwa mdogo, anakimbia, nyuma yake kuna miti. Kifungo cha shati kilichochukua nusu saa kinageuka vumbi.

La tatu ni lile ambalo walimu wa kuchora hulipenda zaidi: mjaze mhusika wote rangi nyeusi, abaki kivuli kitupu, kisha uliza ni nani na anafanya nini. Kama kivuli ni gogo lenye kichwa, hakuna rangi itakayoliokoa. Mario akijazwa nyeusi bado kofia inaonekana, pua inaonekana, tumbo linaonekana.

Tumfuate yule mtu wa fulana nyekundu. Tuseme amechorwa kwenye nafasi ya vidoa 16 kwa upana na 32 kwa urefu, kipimo cha kawaida katika michezo ya aina hii. Kivuli chake kinaonyesha mikono imebanwa mbavuni na upanga umelala juu ya mguu. Hapo ugonjwa umepatikana: mkono haukuvunjika, umekosa mahali. Kijana anausogeza upanga nje ya mwili vidoa vinne na kuunyanyua. Ghafla yule mtu ni askari. Hajaongeza chochote, amehamisha tu.

Toleo la pili linakuja na kasoro mpya, kama kawaida. Sasa macho yametulia, yanaona kwamba mwili unaonekana umevimba kama mto wa kulalia. Kosa hili ni la karibu kila anayeanza: huweka rangi ya mwanga katikati na giza kuzunguka kingo zote, kana kwamba jua liko kwenye kitovu cha mtu. Dawa yake ni swali moja, ambalo hata bibi anaweza kuliuliza: jua liko upande gani? Likiwa juu kushoto, bega la kushoto ling'ae, na kivuli kiwe chini ya kidevu na kwenye paja la kulia. Huo mstari wa mguu unaoshuka kama ngazi mbovu, vidoa vitatu, kimoja, viwili, kimoja, nao unyooshwe, ngazi zishuke kwa mpangilio. Na rangi zipunguzwe. Anayeanza hupenda kutumia nyekundu tisa kwenye fulana moja wakati tatu zinatosha.

Kisha ngozi. Hapa pana somo ambalo vijana wetu wanapaswa kulipata mapema, kwa sababu mafunzo mengi yanayopatikana huanza na uso wa rangi ya waridi. Kijana anayetaka kuchora mtu wa kahawia kama yeye hufanya jambo linaloonekana la busara: huchukua rangi ya kahawia na kuichanganya na nyeusi ili kupata kivuli, na nyeupe ili kupata mwanga. Matokeo yake ni uso wenye majivu, kama mtu aliyetoka kwenye vumbi la saruji. Ngozi nyeusi haifanyi hivyo juani. Mwanga wake huelekea kwenye rangi ya chungwa au dhahabu, na kivuli chake huelekea kwenye wekundu wa damu ya mzee au zambarau. Mama akisema tu, "Mbona kama hajapaka mafuta?", amesema kila kitu. Nywele nyeusi juu ya uso mweusi mbele ya ukuta mweusi nazo hupotea, kwa hiyo lazima pawe na mstari mwembamba wa mwanga mahali fulani. Hili si jambo la siasa. Ni kazi tu ya kutazama, na aliye na sura hizo nyumbani ana faida ya kuzitazama kila siku.

Sema kuhusu mchoro, usiseme kuhusu mtoto

Si kila mrejesho husaidia. Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa miongo kadhaa kuhusu kuwaambia watu jinsi walivyofanya kazi yao. Kwa wastani mrejesho uliboresha kazi. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, kazi ilizidi kuwa mbaya baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao yalikuwa kwamba maoni yanayomfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe, kama ana akili au hana, kama anapendwa au hapendwi, yanamwondoa kwenye kazi. Yanayoelekeza macho kwenye kazi yenyewe ndiyo husaidia.

Miaka miwili baadaye, Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa shule huko Marekani. Waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu zoezi la kwanza walielekea kuchagua kazi rahisi baadaye, na walivunjika moyo haraka walipokutana na ngumu. Waliosifiwa kwa bidii walikuwa tayari zaidi kujaribu kazi ngumu. Ufafanuzi wa tafiti za namna hii umebishaniwa sana tangu wakati huo, lakini mzazi yeyote amewahi kumwona mtoto "mwenye kipaji" anayekataa kugusa kitu asichokiweza mara ya kwanza.

Ukiweka matokeo hayo mawili juu ya meza ya jikoni, tofauti inakuwa ndogo sana kwa maneno na kubwa kwa athari. "Wewe hujui kuchora mikono" ni hukumu, na "Wewe una kipaji" nayo ni hukumu, ila tamu. "Mkono wa kulia unaonekana mfupi kuliko wa kushoto" ni taarifa, na kijana anaweza kuifanyia kazi usiku huohuo.

Lugha yetu inasaidia kidogo hapa, na inaponza kidogo. Tuna mazoea ya kumfundisha mdogo kwa kumlinganisha: mwenzako mtoto wa fulani anaweza, wewe je? Katika kazi ya kurekebisha, ulinganisho pekee wenye faida ni kati ya mchoro wa leo na wa juzi wa mtu yuleyule.

Wachoraji wenyewe wana desturi nzuri inayofaa kuigwa. Mwenye uzoefu, badala ya kueleza kwa maneno mengi, huomba nakala ya mchoro na kuweka masahihisho yake juu yake, kisha huziweka picha mbili sambamba. Mwenye kazi anaziona: hii yangu, hii ya fulani, tofauti ni vidoa sita. Hakuna aliyetukanwa. Kisha anafuta ile ya fulani na kurudi kuifanya kwa mkono wake, kwa sababu ukiichukua ilivyo umepata picha nzuri na hukujifunza lolote.

Na si lazima kukubali kila ushauri. Watu watano watatoa maoni matano. Wote watano wakisema mguu una tatizo, mguu una tatizo, hata kama kila mmoja ana dawa yake tofauti. Mtazamaji huwa sahihi zaidi anaposema wapi panamkera kuliko anaposema parekebishwe vipi.

Nyumba moja ya Seattle

Kisa cha Eric Barone kimesimuliwa sana na wapenzi wa michezo ya kompyuta, kwa kawaida kama kisa cha mtu mmoja. Kikisomwa na mtu wa ukurasa wa familia kinakuwa kisa cha watu wawili.

Barone alihitimu sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Washington, tawi la Tacoma, mwaka 2011. Kazi haikupatikana. Akaamua kutengeneza mchezo mdogo wa kilimo, mtu anarithi shamba la babu yake na kuanza maisha kijijini, ili afanye mazoezi ya kuandika programu na kuongeza sifa za kuomba ajira. Alidhani ingechukua miezi. Ilichukua zaidi ya miaka minne, mara nyingi akifanya kazi siku zote saba za wiki. Programu aliandika yeye, muziki alitunga yeye, hadithi aliandika yeye, na kila picha aliichora yeye.

Hakuwa mchoraji. Nyuso za wanakijiji wake, kila moja ikiwa na vidoa 64 kwa 64, alizichora akazimaliza, akaendelea na mambo mengine. Alipozirudia baadaye, mkono wake ulikuwa umeshakomaa na zile za mwanzo zikamchukiza. Akazichora upya. Baadaye tena. Aliyefanya kazi peke yake hivyo hakuwa na jikoni la kukimbilia kila jioni, kwa hiyo muda ndio ukawa jicho lake la pili: ukiuacha mchoro miezi kadhaa, unaurudia kama mgeni.

Wakati huo wote kodi ilikuwa ikilipwa. Mpenzi wake, Amber Hageman, alikuwa akifanya kazi huku akisoma, na kipato chake ndicho kilichobeba nyumba. Barone kwa muda alichukua kibarua cha saa chache kwa wiki katika ukumbi wa Paramount mjini Seattle, akiwaonyesha watu viti vyao. Mchezo wenyewe, Stardew Valley, ulitoka tarehe 26 Februari 2016. Nakala milioni moja ziliuzwa ndani ya kama miezi miwili, na kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimepita milioni 30.

Mwisho huo mtamu unaficha swali ambalo familia yoyote ingeliuliza mwaka wa pili au wa tatu: hizo nyuso zinachorwa upya kwa sababu hazifai, au kwa sababu mtu anaogopa kumaliza? Kuna marekebisho ya kweli, na kuna marekebisho ya woga. Ya kweli hujibu kasoro inayoweza kutajwa kwa maneno: jicho liko chini mno, rangi ya nywele inagongana na ukuta. Ya woga hayana jina, ni "bado sijaipenda" ya kila siku. Kwa Barone ilitokea kwamba kazi ilikuwa inaboreka kweli. Kwa wengine wengi haitakuwa hivyo, na hawataandikwa na mtu. Kijana anayeishi kwa jasho la mwenzake au la wazazi ana wajibu wa kuweka tarehe, na anayembeba ana haki ya kuiulizia. Kuuliza "utamaliza lini?" si kumkatisha mtu tamaa, ilimradi swali liulizwe mchana, kwa upole, na si katikati ya ugomvi wa bili ya umeme.

Macho, usingizi na rangi

Kazi ya vidoa ni ya karibu sana na kioo, na mwili hulipa. Mtu anayekazia macho kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka, yanawasha, kichwa kinauma jioni. Wataalamu wa macho hupendekeza kanuni rahisi ya 20-20-20: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, takriban mita sita, kwa sekunde 20. Mti wa jirani unatosha. Kwa watoto, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba muda wa kuwa nje mchana unasaidia kupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Shingo na kifundo cha mkono navyo vinahitaji kunyooshwa, na kompyuta isiwekwe kitandani. Anayechora saa saba za usiku hufanya makosa ambayo kesho atatumia saa mbili kuyafuta, kwa hiyo hata kwa hesabu ya kazi tupu, kulala kunalipa.

Mzazi asiyejua tofauti anaweza kuogopa kwamba mtoto ameshaingia kwenye uraibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lakini vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote, anaendelea licha ya madhara, na hali hiyo imevuruga maisha yake, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kijana anayechora mhusika, akaonyesha, akakosolewa, akarudi kurekebisha, hafanani na picha hiyo. Akikosa shule kwa ajili yake, hilo ni jambo jingine na linahitaji mazungumzo.

Kuna jambo moja ambalo kazi hii hulifichua bila kutarajiwa. Mtoto akipaka majani rangi ya kahawia na kushangaa watu wanapouliza kwa nini, au akishindwa kabisa kutofautisha kijani na nyekundu anazozichagua, huenda si uzembe. Upofu wa rangi wa aina ya nyekundu na kijani huwapata takriban 1 kati ya 12 ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, na kwa Waafrika huonekana kwa kiwango cha chini zaidi, lakini upo. Mtoto wa kiume huurithi kupitia kwa mama, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe haoni tatizo lolote. Wengi hukua bila kujua. Kipimo chake ni kifupi na hakiumi, na kliniki ya macho wanaweza kukifanya. Aliye nao bado anaweza kuchora vizuri. Atajifunza kupanga kazi yake kwa mwanga na giza, na kuomba mtu amsomee rangi.

Kuhusu mhusika wa fulana nyekundu, kabla kijana hajaanza kumrekebisha tena, kuna jambo dogo la kumwambia: asifute lile la zamani. Ahifadhi kila toleo kwa jina lake na tarehe, la kwanza, la pili, la tano, hata lile lenye upanga kama mwiko. Mafaili haya ni madogo mno, simu haitajaa. Barone alitunza ya kwake, na baadaye akaziweka hadharani zikiwa zimepangwa kwa safu: uso wa mwanakijiji yuleyule, toleo baada ya toleo. Zile za mwanzo kabisa, mtu asiyeambiwa angeweza kudhani zimechorwa na mtu mwingine.